Kununua pikipiki ya saizi ya kati kwa bajeti ndogo: anzia duka la spea

Mwongozo huu ni wa mtu wa Tanzania mwenye kipato cha kawaida, anayetaka pikipiki ya barabarani ya kwendea kazini na safari za hapa na pale. Sizungumzii pikipiki ya bodaboda inayotakiwa kulipa hesabu kila jioni, ingawa mengi yatamfaa dereva wa boda pia. Saizi ya kati kwa soko letu ni cc 125 hadi 200. Ulaya na Marekani cc hizo ni za wanaojifunza, lakini hapa ndizo zinazotupeleka kazini, shambani na msibani.

Msimamo wangu nautoa mapema. Bei ya kununulia unailipa mara moja, bei ya spea unailipa miaka yote utakayokuwa na chombo. Pikipiki nzuri ambayo spea zake hazipo wilayani kwako ni ghali hata ukiuziwa nusu bei. Hatua zote hapa chini zinafuata mtazamo huo.

Hatua ya 1: Gawa fedha kabla hujaenda kuangalia chochote

Tuseme umejikusanyia shilingi 3,500,000. Usitafute pikipiki ya 3,500,000. Tenga moja ya tano, yaani 700,000, halafu tafuta chombo cha 2,800,000. Hiyo laki saba ina kazi yake: helmeti, glavu, bima, gharama za kuhamisha umiliki TRA, na matengenezo ya mwanzo. Pikipiki iliyotumika karibu kila mara itadai kitu ndani ya mwezi wa kwanza, iwe seti ya cheni, tairi la nyuma, betri au breki shuu. Aliyemaliza fedha zote siku ya kununua ndiye unayemwona akiendesha tairi lililobaki nyuzi.

Helmeti usiibanie. Tafuta yenye lebo ya kiwango cha usalama cha ECE 22.05 au 22.06 iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni. Ile kofia nyepesi ya pembeni mwa barabara, ambayo ndani ina sponji laini tu bila lile foamu gumu jeupe au jeusi, ni ya kumridhisha trafiki. Haitakulinda kichwa.

Piga na hesabu ya mafuta. Chukua mtu anayetembea kilomita 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi: ni kilomita 1,040. Pikipiki inayokwenda kilomita 45 kwa lita itakunywa lita 23 hivi. Ya cc 200 ya michezo, ikiendeshwa kwa haraka na kwenda kilomita 30 kwa lita, itahitaji karibu lita 35. Ukichukua petroli kwa mfano wa shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni kama 35,000 kwa mwezi, zaidi ya laki nne kwa mwaka. Weka bei halisi ya mkoa wako. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi.

Hatua ya 2: Iache njia yako ichague cc

Kama unaishi Dar na safari yako ni Mbagala hadi Posta, peke yako, kwenye foleni, cc 125 inakutosha kabisa. Ni nyepesi, inapenya, inakunywa kidogo. Kama unatoka Kibaha kuja mjini kwa Morogoro Road, na nyuma yako kuna semi inayotaka kukupita, utahitaji nguvu ya akiba ya kujitoa mbele yake. Hapo cc 150 ndiyo ya kuanzia.

Mwinuko nao watu wengi hawauweki kwenye hesabu. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda juu ya usawa wa bahari, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Mbeya iko mita 1,700 hivi. Pikipiki ya cc 125 iliyokuwa inachangamka Tanga, ukiipeleka Mbeya na abiria nyuma, kwenye mlima utaishia gia ya pili. Anayeishi Iringa, Njombe au Mbeya asiende chini ya cc 150, na kabureta irekebishwe na fundi wa huko huko.

Angalia pia leseni. Daraja A1 ni la pikipiki zisizozidi cc 125. Ukivuka hapo unatakiwa daraja A. Ukinunua cc 150 ukiwa na A1, bima inaweza kukugeuka siku ya ajali. Kama bado hujapata leseni, fanyia A moja kwa moja.

Halafu urefu wako. Kaa kwenye siti na viatu unavyovaa kila siku. Angalau sehemu ya mbele ya nyayo zote mbili iguse chini bila kujinyoosha. Kwenye foleni unasimama na kuondoka kila baada ya hatua chache, na mzigo wa kilo 120 hadi 150 ukianza kulala upande huwezi kuuzuia kwa ncha ya kidole gumba.

Hatua ya 3: Tembelea duka la spea na fundi kabla ya yadi

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo ningependa uichukue kwa uzito. Chagua aina mbili au tatu unazozifikiria. Kisha nenda kwenye duka la spea lililo karibu na unapoishi. Usianzie Kariakoo. Kariakoo kila kitu kipo, lakini siku waya wa klachi utakapokatika saa moja usiku Chanika au Bunda, hutakuwa Kariakoo.

Uliza bei ya vitu hivi kwa kila aina: seti ya cheni na sproketi zake, klachi pleti, breki shuu au pedi, waya wa klachi, plagi, CDI (kile kiboksi cha umeme kinachoamuru plagi itoe cheche), kabureta nzima, na silinda na pistoni yake. Muulize muuzaji swali la ziada: "Kaka, hii ipo sasa hivi dukani au mpaka uagize?" Akigeuka na kuitoa rafuni, weka alama ya ndiyo. Akisema "njoo kesho kutwa", hiyo ni siku ya kazi utakayoikosa, na itajirudia kila kitu kikiharibika. Uliza pia kama ana genuini na kopi, na bei ya kila moja. Cheni ya kopi inaweza kuisha ndani ya miezi michache. Silinda ya kopi inaweza kukurudisha kwa fundi kabla ya mwaka.

Ukitoka hapo nenda kwa fundi. Usimuulize ipi nzuri, maana atakutajia anayoendesha yeye. Muulize, "Fundi, katika hizi tatu, ipi unaifungua mara nyingi, na huwa inaletwa na tatizo gani?" Fundi anayeshika pikipiki kumi kwa siku ana majibu ambayo hutayapata kwenye karatasi ya matangazo.

Hatua ya 4: Zijue familia zilizopo sokoni

Bajaj Boxer, ya kampuni ya Bajaj Auto kutoka Pune, India, ndiyo iliyojaa barabarani, hasa BM 150 yenye injini ya cc 144.8. Haina mbwembwe. Fremu ngumu, siti ndefu, breki za ngoma, na spea zake utazikuta mpaka kwenye kijiji chenye duka moja. Tatizo lake ni la umaarufu: wezi wanaipenda, kopi za spea ni nyingi, na iliyotumika nyingi imetokea kwenye boda.

TVS HLX, cc 125 na 150, nayo inatoka India na inaifuata Boxer kwa karibu. Kwa mtu wa mjini anayetaka chombo kipya kwa fedha kidogo, HLX 125 ni chaguo ninalolitaja mara nyingi. Inakunywa kidogo na haichoshi mgongo.

Za Kichina ni nyingi: SanLG, Fekon, Kinglion, T-Better na nyinginezo. Ukitaka kuzielewa, zitazame kwa injini, maana majina hubadilika. Nyingi zimejengwa juu ya muundo wa Honda CG125 ya mwaka 1976, injini iliyobuniwa kwa ajili ya nchi ambazo matengenezo hayafanyiki kwa wakati. Haina taimingi cheni. Valvu zake zinasukumwa na fimbo za chuma. Inatetemeka na ina kelele, lakini inavumilia, na fundi yeyote anaijua. Udhaifu uko zaidi kwenye vitu vinavyoizunguka: nyaya za umeme, swichi, beringi za magurudumu, rangi na boliti. Haojue ni Mchina wa daraja lingine, kwa kuwa kampuni hiyo imeshirikiana na Suzuki kwa miaka mingi, na injini zake huonyesha.

Kisha kuna zile zinazovutia macho: Bajaj Pulsar na TVS Apache. Apache RTR 160 na 180, Pulsar 150 na 180, zina diski mbele, tairi pana na mwendo wa kweli. Kwa kijana anayetaka raha ya kuendesha na bado awe na chombo cha kazini, iliyotunzwa vizuri ni pikipiki tamu. Pulsar NS200 imeenda mbali zaidi, kwani inapozwa kwa maji na ina plagi tatu kwenye silinda moja. Hiyo nunua tu kama umehakikisha kwa macho yako kwamba fundi wako anaijua, maana kipozeo kikivuja na mtu akaendelea kuendesha, injini inakufa.

Tahadhari moja kuhusu video za YouTube kutoka India. Tangu Aprili 2019 sheria ya India inadai ABS, yaani breki zinazozuia tairi kujifunga, kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125, na tangu Aprili 2020 viwango vya moshi vya huko vimezisukuma nyingi kwenye mfumo wa injeksheni, ambapo mafuta hupulizwa kwa umeme badala ya kabureta. Zinazoletwa kwetu kwa jina hilo hilo zinaweza kuwa na kabureta na breki zisizo na ABS. Angalia iliyo mbele yako dukani, usinunue ya kwenye simu.

Na vipi kuhusu Mjapani wa mtumba, cc 250 au 400, kama Honda CB400 Super Four? Nazipenda kwa moyo wote, lakini kwa bajeti ndogo naomba uzipishe. CB400 ya miaka ya tisini ina silinda nne na kabureta nne zinazotakiwa kupumua sawasawa, na spea nyingi ni za kuagiza nje.

Hatua ya 5: Mpya au iliyotumika

Mpya ina garantii, na unajua historia yake kwa sababu ndiyo kwanza inaanza. Ukimudu cc 125 mpya au cc 150 iliyotumika kwa fedha ile ile, na hujui kabisa mambo ya injini, na huna fundi unayemwamini, chukua mpya. Dai risiti ya EFD na uhakikishe usajili unatoka kwa jina lako.

Iliyotumika inakupa chombo kikubwa zaidi kwa fedha ile ile, mradi uikague. Angalia kwanza kibao cha namba. Kwa kawaida cheupe ni cha biashara na cha njano ni cha binafsi. Pikipiki ya miaka miwili yenye kibao cheupe inaweza kuwa imetembea kuliko ya miaka saba ya mwalimu anayekwenda shule na kanisani. Kibao cha njano nacho si kinga, kwa kuwa wapo wanaofanya boda nacho. Kwa hiyo twende kwenye ukaguzi.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa pikipiki iliyotumika

Nenda asubuhi, kukiwa na mwanga, na fundi wako ukimlipa muda wake. Mwambie muuzaji kwa simu, "Naomba usiiwashe mpaka nifike." Ukifika, kabla ya salamu kukolea, peleka mgongo wa kiganja karibu na bomba la sailensa linapotokea kwenye injini. Likiwa na moto, mtu ameiwasha mapema. Huenda ameipeleka dukani tu, au huenda haiwaki ikiwa baridi. Subiri ipoe, hata kama ni saa nzima.

Injini ikiwa bado baridi, toa kijiti cha oili. Nyeusi si tatizo kubwa, imechelewa kubadilishwa. Yenye rangi ya chai ya maziwa ina maji ndani, rudi nyumbani. Tazama kava za pembeni za injini. Boliti zenye vichwa vilivyochubuka na gasket meka (ile gundi ya kuzibia kava) iliyotokeza kama uzi pembezoni vinakuambia injini imefunguliwa. Kufunguliwa si kosa, lakini uliza nini kilibadilishwa na nani aliifungua, na usikilize kama jibu linafanana na unachokiona.

Sasa washa kwa kiki kwanza, halafu kwa stata. Iwashwe na choki kidogo, kisha itulie kwenye mngurumo wake bila kushikiliwa mafuta. Simama nyuma utazame moshi. Mweupe mwepesi unaopotea ni mvuke. Wa bluu, hasa ukiachia mafuta kisha ukayavuta tena, ni oili inayoungua: ringi zimekwisha au sili za valvu. Mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, na mara nyingi ni kabureta au filta, jambo dogo. Sikiliza upande wa taimingi cheni kwa zile zenye cheni. Tik-tik ya valvu iliyo sawasawa inarekebishika kwa muda mfupi, lakini mkwaruzo wa chuma unaokuja na kupotea kadiri unavyovuta mafuta ni wa gharama.

Zima. Ipandishe kwenye stendi kubwa, uchuchumae nyuma hatua kadhaa, funga jicho moja na utazame kama magurudumu mawili yako kwenye mstari mmoja. Lishike tairi la nyuma ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, ama beringi ama bushi za ule mkono wa chuma unaolishika zimekwisha. Mwombe mtu akalie nyuma ili tairi la mbele linyanyuke, kisha zungusha usukani polepole kutoka upande hadi upande. Mahali pa katikati pakiwa na kishimo unachokihisi kwenye mikono, beringi za shingo zimekula. Hapo shingoni penyewe, vua macho vizuri: rangi iliyopasuka kwenye kiungio cha fremu, au welding isiyofanana na ya upande wa pili, ni alama ya ajali. Nisingenunua pikipiki yenye alama hiyo kwa bei yoyote.

Shokapu za mbele: futa zile fimbo zinazong'aa kwa kitambaa kikavu, shika breki ya mbele, kandamiza usukani kwa uzito wako mara kadhaa. Tazama tena. Ukiona pete nyembamba ya oili, sili zimekwisha. Ukipitisha ukucha ukakwama kwenye vikwaruzo au kutu, sili mpya nazo zitavuja tena.

Nyuma, chini ya siti na karia, tafuta welding. Pikipiki zilizobeba magunia ya mkaa, kreti za soda au mishikaki ya abiria hupasuka hapo.

Cheni: ishike pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa, uivute kama unaitoa. Ikinyanyuka mpaka ukaona nusu ya jino, seti nzima imekwisha. Punguza bei yake kwenye mazungumzo. Tairi lina tarakimu nne kwenye mduara mdogo ubavuni, kwa mfano 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani lililokakamaa huteleza kwenye lami yenye mvua hata kama kashata zake bado ndefu.

Spidomita usiiamini peke yake. Nyanyua tairi la mbele, lizungushe, uone kama mshale au namba zinatikisika. Waya wake ukiwa umechomolewa, zile kilomita hazina maana. Ushahidi mzuri uko mahali ambapo mtu hugusa kila siku. Raba ya kukanyagia mguu iliyolika mpaka chuma, pedali ya breki iliyong'aa na kupinda, na mshikio wa mkono uliolainika kabisa, havitoki kwenye kilomita 12,000.

Umeme: fundi akiwa na mita, betri iliyotulia isome karibu volti 12.6, na injini ikiwashwa na kuvutwa kidogo isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki chini, chaji haiingii. Washa taa, indiketa na honi kwa pamoja. Nyaya zilizofungwa selotepu hovyo chini ya tangi ni usiku wa giza unaokusubiri barabarani.

Mwisho endesha dakika 15 hadi 20, ukiacha kitambulisho na dhamana watakayokubali. Kwenye kilima, weka gia ya juu na uvute mafuta yote. Injini ikipiga kelele huku mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Breki zijaribu mahali pasipo na watu. Achia usukani kidogo tu kwa mwendo mdogo, uone kama inavuta upande. Ukirudi, zima, ngoja dakika tano, iwashe tena ikiwa ya moto, halafu tazama chini kama kuna tone.

Hatua ya 7: Karatasi, kabla ya fedha

Namba ya chesisi iko shingoni kwenye fremu, ya injini iko kwenye bloku la chini. Zisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa mpaka zisomeke, kisha uzilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Sehemu iliyosagwa kwa msasa au namba zilizopinda mstari ni za kukimbia. Ukinunua pikipiki ya wizi, utapoteza chombo na fedha, na utalala kituoni ukieleza.

Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha NIDA cha anayekuuzia. Hapa ndipo pikipiki za mkataba zinapowanasa watu. Dereva amepewa chombo na tajiri, analipa kila siku mpaka amalize ndipo kiwe chake. Katikati ana shida, anakitangaza kwa bei ya kuvutia. Au chombo ni cha mkopo, na kadi halisi iko kwenye droo ya mkopeshaji. Ukiambiwa "kadi ipo, nitakuletea wiki ijayo", fedha nazo zisubiri wiki ijayo. Nakala ya kadi haitoshi.

Ingiza namba ya pikipiki kwenye mfumo wa polisi wa TMS uone kama inadaiwa faini. Hakiki bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima. Stika ya bandia inafanana sana na ya kweli. Kisha andikishianeni hati ya mauziano mbele ya wakili, ikiwa na namba za chesisi na injini, na mwende TRA kuhamisha umiliki. Usikubali kuendesha kwa jina la mwenzako "kwa muda". Akifariki, akigombana na ndugu, au akibadilika moyo, chombo chako kinakuwa hadithi. Kwa msomaji wa Kenya, uhamisho unafanyika NTSA kupitia eCitizen, na ni jambo la kukamilisha kabla hamjaachana na muuzaji.

Hatua ya 8: Bei na malipo

Piga bei kwa orodha. Uliyoyakuta kwenye ukaguzi yaandike pamoja na bei ulizochukua dukani kwenye hatua ya 3: seti ya cheni, tairi, sili za shokapu. Muuzaji anaweza kukataa maneno, lakini ni vigumu kukataa bei ya duka la jirani. Dalali akikuambia kuna mtu mwingine anakuja saa nane na fedha mkononi, mtakie heri huyo mtu.

Kama unanunua kwa awamu, zidisha mpaka mwisho kabla ya kusaini. Shilingi 10,000 kwa siku inasikika ndogo. Siku sita kwa wiki kwa wiki 60 ni 3,600,000, na hapo kianzio hakijaingia. Linganisha na mkopo wa SACCOS ya kazini kwako kwa kiasi hicho hicho. Lipa kwa benki au simu ili kuwe na ushahidi, tena mkiwa mbele ya wakili.

Hatua ya 9: Mwezi wa kwanza

Iliyotumika, badilisha oili siku hiyo hiyo bila kujali umeambiwa nini, pamoja na plagi na filta ya hewa. Nunua oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ile ile ya injini, na baadhi ya oili za gari zina viungo vinavyoifanya iteleze.

Mpya, oili ya kwanza imwagwe karibu na kilomita 500, maana inabeba chembe za chuma za injini inayojizoesha. Mpaka kilomita 1,000 usiivute mpaka mwisho na usiishikilie kwenye mwendo mmoja kwa muda mrefu. Badilisha gia, panda na kushuka. Kaza boliti zote baada ya wiki chache, hasa kwa Mchina.

Cheni iangalie kila wiki na uipake oili baada ya mvua. Kwenye pikipiki nyingi za saizi hii, katikati ya sproketi mbili inatakiwa kucheza milimita 20 hadi 30 juu na chini. Kitabu cha pikipiki yako kitakupa kipimo chake kamili. Pima sehemu kadhaa huku ukizungusha tairi, kwa sababu cheni iliyoanza kuchakaa hukaza mahali pamoja na kulegea pengine. Irekebishe kwa kufuata pale inapokaza zaidi, na alama za pande mbili za ekseli zisome sawa kabla ya kufunga nati.